Prado KZJ95, HZJ80 au Patrol ya TD42: ipi kwa njia ya Bukavu–Mwenga?

Kadutu_4x4 (Bukavu)
Bandugu, salamu. Natafuta jipu la okazyo (lililokwisha tumika), la mazutu (dizeli). Nina dola 9,000, na ndani yake nataka 2,500 zibaki za kulitengeneza. Kazi yake: mjini hapa, kupanda Walungu hadi Mwenga mara mbili kwa mwezi hata wakati wa mvua, na kushuka Ngomo kwenda Kamanyola. Watu watano na mzigo wa kilo 300 hivi. Yako matatu:

1. Prado KZJ95 ya 1998, moteri 1KZ-TE, imetoka Ulaya. Safi sana kwa macho.
2. Land Cruiser HZJ80 ya 1994, moteri 1HZ, kilomita 410,000. Inavuja kwenye magurudumu ya mbele.
3. Nissan Patrol Y61 ya 2001, moteri TD42, ilikuwa ya shirika, ikauzwa kwa mnada. Usukani unatetemeka.

Mtu ananisukumia pia RAV4 ya zamani ya esansi (petroli). Mngeanzia wapi?

Fundi_Ndosho (Goma)
Ndugu Kadutu, kilomita usizihesabu sana kwa magari ya umri huo, kibao kinabadilishwa upesi. Tazama kanyagio la klachi lilivyolika na usukani ulivyong'aa.

Prado kwanza, maana ndiyo itakayokudanganya macho. 1KZ-TE ni lita 3, silinda 4, ina turbo, na mlimani inavuta kuliko hizo mbili. Ugonjwa wake ni kichwa cha injini. Ni cha alumini, na kikipata joto kali hata mara moja kinaweza kupasuka kati ya vali. Ufa mdogo hauonekani mjini, utauona kwenye mlima wa Walungu gari likiwa limejaa.

Nenda asubuhi, moteri ikiwa imelala usiku kucha. Iguse kwanza. Ikiwa ya vuguvugu, mwenye gari amekutangulia, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha radiateri, jaza maji mpaka mdomoni, washa bila kukifunga. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyonaswa na yataisha. Yakiendelea mfululizo dakika tano baadaye, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Siku nyingine, ikiwa baridi tena, funga kifuniko, washa, na ukamate mpira wa juu wa radiateri. Ukiwa mgumu kama mti ndani ya dakika moja, maji yangali baridi, aga uondoke. Garaji yenye ile dawa ya bluu ya kupima maji ni bora zaidi: ikigeuka kijani au njano, gesi imo.

Halafu kuna jambo la huku kwetu. Goma na Bukavu ziko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 (presha kinayoizuia) kinapandisha mpaka huo hadi karibu 115. Springi yake ikilegea umepoteza nyuzi 20 zote. Watu wanabadilisha pampu ya maji, wanabadilisha termostati, kumbe ugonjwa ni kifuniko.

Kadutu_4x4
Asanti papa fundi. Mwenye Prado anasema kichwa ni kipya, kimefungwa mwaka jana. Si afadhali?

Fundi_Ndosho
Afadhali ikiwa kilicholeta joto nacho kilitibiwa. Kichwa kipya juu ya radiateri iliyoziba kitapasuka vilevile. Zima moteri ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono: lazima ikatae kidogo. Ikizunguka huru kama pangaboi, klachi yake ya silikoni imekwisha. Na uliza kama kichwa ni kipya kweli au cha zamani kilichochomelewa. Cha kuchomelewa mimi sikilipii hata senti.

Mbele ya Prado hiyo kuna hatari nyingine: rotula ya chini (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini). Kwenye KZJ95 uzito wa gari unaivuta itoke badala ya kuikandamiza, kwa hiyo ikiisha inachomoka na gurudumu linalala chini ya gari. Weka jeki chini ya mkono wa chini, gurudumu liwe hewani, tia mtaimbo chini ya tairi unyanyue. Ukiona mchezo wowote (kulegea), rotula zote mbili na bolti zake mpya, za orijino. Hapo si mahali pa kutafuta bei nafuu.

Kwa kuwa imetoka Ulaya, ingia chini na nyundo ndogo. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi inakula shasi kwa ndani, hasa nyuma, juu ya ekseli. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu pufu. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari ni sababu ya kugonga zaidi.

Mama_Piesi (Lubumbashi)
Kaka, fikiria pia nani atakuuzia piesi (vipuri). Za 1HZ zimejaa kila mji wenye Land Cruiser za migodi na za mashirika: filta, sili, bushi, pampu ya maji. Za TD42 zinapatikana, ila mara nyingi ni za kuagiza, na gari linasubiri juu ya mawe.

Moteri yenyewe ya TD42 sina neno baya. Lita 4.2, silinda 6, na taimingi yake ni ya gia, hakuna mkanda wa kukatika. 1HZ ina mkanda, unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali zinakutana na pistoni. Mwenye gari akikuambia umeshabadilishwa, mwambie asanti, kisha ubadilishe. Chukua na rola yake ya kukazia na sili ya mbele ya krenki siku hiyo hiyo.

Kwenye Patrol kagua altaneta. Pampu ya vakiumu ya breki inakaa nyuma yake na inalainishwa na oili ya moteri. Ikichoka, oili inavuja kwenye altaneta, na kanyagio la breki linakuwa gumu. Kwa mtu anayeshuka Ngomo, hilo si dogo.

Birere_Garaji (Goma)
Mimi ningechukua HZJ80, na sababu ni huo uvujaji wenyewe. Unamshusha muuzaji bei, na ni kazi inayojulikana.

Kinachovuja ni sili ya ndani ya ekseli. Mafuta ya difu (gia za katikati ya ekseli) yanapita, yanaingia ndani ya lile bakuli la nako (kiungo cha kugeuzia gurudumu), yanayeyusha grisi, supu nyeusi inatoka kwa nje na kulowesha hata pedi za breki. Ukiendesha hivyo muda mrefu, difu inabaki na mafuta machache na joenti ya mwisho wa ekseli inakauka.

Mahitaji kwa pande zote mbili: seti mbili za nako (sili, felti, gasketi), sili mbili za ndani, beringi nne za kingipini (pini ambayo nako inageukia), sili za habu, grisi ya molibdeni kilo mbili, soketi ya milimita 54 ya nati za habu. Sifa ya kazi iko kwenye usafi. Osha kila kitu kwa mazutu, kausha, ndipo ufunge. Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kingipini zirudi upande ule ule zilikotoka. Kabla ya kuunganisha fimbo ya usukani, funga mizani ya springi kwenye mkono wa nako na uvute: inapaswa kuanza kuzunguka kwenye kilo 3 hadi 6. Chini ya hapo punguza shimu, la sivyo usukani utatetemeka kama wa hiyo Patrol. Jaza bakuli grisi robo tatu, si pomoni.

Ukimaliza, tazama bomba la kupumulia la difu. Likiziba, sili mpya zitavuja ndani ya wiki. Likiwa fupi, difu ya moto ikizama mtoni inapoa ghafla na kunyonya maji, mafuta yanageuka maziwa. Unganisha mpira unaopanda hadi kwenye chumba cha moteri.

Katuba_Mazutu (Lubumbashi)
Naunga mkono, lakini mwambieni ukweli: 1HZ haina turbo, na kwenye milima yenu inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu kwa hewa nyembamba. Na watu watano na mzigo atapanda kwa gia ya pili. Asije akashawishiwa kufunga turbo ya okazyo, moteri hiyo ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1 na haikuundwa kwa presha ya ziada.

Nyawera_bis (Bukavu)
RAV4 ni gari zuri la mjini, inavuta magurudumu yote. Haina gia ya chini (ile ya nguvu, ya kwenda taratibu kwenye tope na milima). Mwenga wakati wa mvua, hapana.

Kadutu_4x4
Nimeelewa, mama na bakaka. Nikichukua HZJ80, 2,500 nianze kuzitumia wapi? Na kutetemeka kwa Patrol ni kitu gani, isije muuzaji wa 80 akakataa?

Birere_Garaji
Patrol: bushi za ile fimbo ya mlalo inayoshika ekseli ya mbele, halafu beringi za kingipini, halafu balansi ya matairi. Usianze na kufunga dampa mpya ya usukani, inaficha tu.

80: mkanda wa taimingi na nako kwanza. Kisha breki zote nne na mipira yake. Kisha majimaji yote: oili ya moteri 15W-40, bidoni mbili za lita 5 zinatosha, difu 85W-90, gia na kesi ya kugawia nguvu kwa ekseli mbili. Pima na nafasi za vali, zinarekebishwa kwa shimu.

Filta ya mazutu usiichezee. Pampu ya sindano inalainishwa na mazutu yenyewe, na mazutu ya wakadafi (wachuuzi wa mafuta) wa kando ya barabara huwa na maji. Fungua kile kizibo cha chini ya filta kila wiki mpaka yatoke mazutu matupu.

Matairi: 7.50R16 yenye tyubu kama rimu zinakubali, maana mawe yanakata ubavu. Soma namba nne za tarehe, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mama_Piesi
Na kabla ya kutoa hata dola moja: karte roze (kadi ya gari), karatasi ya DGDA (forodha), na namba ya shasi isomwe kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Sugua tope kwa brashi ya waya, linganisha herufi kwa herufi. Kibati cha kwenye chumba cha moteri hakitoshi, kinang'olewa kwa rivi mbili.

Kadutu_4x4
Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko kwa mwenye 80, na brashi na nyundo. Kifuniko kipya cha 0.9 nimeshanunua.