Naomba ushauri: regulata ya gesi kwenye kempa, moto unanywea nikiwasha pleti ya pili (Mwanza)

Mkazi wa Buhongwa (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba msaada wa wenye uzoefu na mifumo ya gesi ndani ya magari.

Mwaka jana nilinunua kempa iliyotumika, yaani gari lenye vitanda, jiko na friji ndani yake, kutoka kwa mzee mmoja wa Uingereza aliyefika nalo Mwanza kwa barabara, kisha akaamua kurudi kwao kwa ndege. Gari ni la mwaka 2007. Kisanduku cha mtungi hufunguliwa kwa nje, na ndani yake, ukutani, kumefungwa regulata, yaani kifaa cha kushusha mgandamizo wa gesi, iliyoandikwa milibari 30 (kipimo cha mgandamizo). Kutoka hapo bomba la chuma hupita chini ya sakafu hadi kwenye jiko la pleti tatu, friji inayotumia gesi au umeme, na hita ndogo ya maji.

Nikiwasha pleti moja, moto ni wa buluu na unatosha kuchemsha chai. Nikiwasha ya pili, mioto yote miwili inanywea hadi inabaki kama ya mshumaa, na friji ama inakataa kabisa kuwaka ama inawaka dakika mbili na kuzimika. Niligundua hayo tulipolala karibu na lango la Ndabaka ili tuingie Serengeti alfajiri. Sato wanne niliowanunua Mwaloni tukawagawia walinzi usiku uleule, kabla hawajaharibika. Nyumbani sikuwahi kuliona tatizo hili, kwa sababu gari likiwa uani friji huunganishwa na umeme, na hakuna anayepika ndani yake zaidi ya mimi na birika langu.

Nimeshabadilisha mtungi nikidhani gesi imeisha, na nimesafisha nozeli za jiko. Fundi mmoja wa mjini amesema regulata ya ukutani imekufa na kwamba niagize mpya kutoka Ulaya, na gharama yake pamoja na usafirishaji si ndogo. Kabla sijatoa fedha, nitathibitishaje kwamba regulata ndiyo mbovu?

Mama wa Kirumba

Pole kaka yangu. Mimi napikia watu zaidi ya mia kila siku, na moto ukiwa mdogo hivyo dawa yake naijua: nunua regulata ya presha kubwa, ile yenye kishikio cha kuzungusha tunayotumia kwenye majiko makubwa. Ukiizungusha kidogo tu, moto unanguruma. Si ghali, na maduka ya gesi mengi wanayo.

Baharia wa Sengerema

Ndugu mwanzisha uzi, nakusihi usiharakishe kufuata ushauri huo kabla chanzo hakijajulikana. Niliwahi kutunza magari ya aina hiyo ya wageni waliokuwa wakizunguka ziwa, na ugonjwa uliokuwa ukirudi mara kwa mara ni mafuta ndani ya regulata. Gesi ya mtungi hubeba chembe za mafuta mazito, na mpira wa gesi wenyewe, hasa ukiwa wa zamani, huachia vilainishi vyake. Vitu hivyo hujikusanya kama uteute wa manjano. Regulata ikiwa imefungwa chini kuliko koki ya mtungi, uteute wote huteremkia humo na kuziba njia. Ndiyo maana regulata za ukutani hutakiwa ziwe juu ya mtungi, na mpira uwe unapanda kutoka mtungini bila kuning'inia, ili kinachotonea kirudi kilikotoka.

Fungua mpira pale unapoingia kwenye regulata, koki ya mtungi ikiwa imefungwa, uingize kitambaa cheupe. Kikitoka na mafuta, umepata jibu. Usijaribu kuiosha kwa petroli kama wengine wafanyavyo, kwa sababu utando wa mpira uliomo ndani ndio unaopima mgandamizo, na petroli huuharibu.

Fundi Gesi Nyakato

Nianze na namna ya kuthibitisha, maana ndiyo iliyoulizwa, na kipimo chake hakihitaji kifaa cha gharama.

Tafuta mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la herufi U, kila mkono uwe na urefu wa sentimita 60 au zaidi, kisha utie maji hadi nusu. Ncha moja ivalishe kwenye nozeli ya pleti ambayo hutaiwasha na uibane kwa klipu. Ncha nyingine iache wazi. Milango na madirisha yawe wazi. Ukifungua gesi ya pleti hiyo, maji yatashuka mkono mmoja na kupanda mwingine. Tofauti ya kimo kati ya mikono miwili ndiyo mgandamizo wa gesi: milibari 30 ni takriban sentimita 30 na nusu za maji. Kumbuka kwamba kishikio cha pleti hiyo lazima kibonyezwe muda wote, kwa sababu kina kinga inayokata gesi panapokosekana moto. Kwa hiyo mtakuwa wawili.

Pima mara tatu: kwanza vyote vikiwa vimezimwa, kisha pleti moja ikiwaka, kisha pleti mbili. Kipimo cha kwanza peke yake kitakudanganya, kwa kuwa hata njia iliyoziba kwa sehemu kubwa hufikisha mgandamizo kamili pasipokuwa na gesi inayotembea.

Swali moja ambalo hukulieleza: mtungi wako wa hapa nchini umeunganishwaje na regulata ya ukutani? Koki za mitungi yetu hazifanani na za Uingereza.

Mkazi wa Buhongwa

Nawashukuru wote. Kitambaa kimetoka na unyevu wa mafuta kidogo sana, si wa kutisha. Kipimo cha maji nimekifanya na kijana wangu: vyote vikiwa vimezimwa, sentimita 29, pleti moja, 21, pleti mbili, 8.

Kuhusu mtungi: ule wa Uingereza uliisha na hapa sikupata wa kunijazia, hivyo nilinunua mtungi wa kilo 15 pamoja na regulata yake ya kubana kichwani na mpira wa rangi ya chungwa. Muuzaji alikata mpira, akauvalisha upande mmoja kwenye regulata ya mtungi na upande wa pili kwenye regulata ya ukutani, akaubana kwa klipu mbili.

Fundi Gesi Nyakato

Hapo ndipo penye ugonjwa, na regulata yako ya ukutani huenda ni nzima. Una regulata mbili zinazofuatana.

Ndani ya mtungi, kwa joto letu la Mwanza, gesi ina mgandamizo wa bari kadhaa kulingana na mchanganyiko wa propani na butani. Regulata ya ukutani imeundwa ipokee mgandamizo huo mkubwa na kuushusha hadi milibari 30. Soma kibandiko chake. Nyingi za aina hiyo huandikwa kwamba zinataka kuanzia bari 0.3 hadi 16 upande wa kuingilia. Bari 0.3 ni milibari 300. Sasa regulata ya mtungini imekwisha kushusha gesi hadi milibari 30 kabla haijafika ukutani, maana yake ile ya pili inapewa sehemu moja ya kumi ya kiasi cha chini inachokihitaji. Tundu lake la ndani ni dogo, kwa kuwa gesi yenye nguvu hupita kwa wingi hata kwenye tundu dogo. Gesi iliyokwisha kushushwa mgandamizo inapita humo kama uji mzito kwenye mrija wa soda. Pleti moja inatosheka, ya pili inakosa. Namba zako za 29, 21 na 8 zinasema hivyohivyo.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa regulata ya mtungini na kuweka kiunganishi kisichopunguza kitu, pamoja na mpira wa presha kubwa, ili ile ya ukutani ifanye kazi yake. Ya pili ni kuondoa ile ya ukutani na kuiacha ya mtungini ilishe bomba moja kwa moja, mradi iwe imeandikwa milibari 30 na iweze kutoa gesi ya kutosha. Kilo moja ya gesi kwa saa ni karibu kilowati 13. Jiko lako, friji na hita vikiwaka pamoja sidhani kama vinafika kilowati 8, hivyo regulata ya kilo moja kwa saa inatosha na kubaki.

Kwa anayesafiri kandokando ya ziwa ningependelea ya pili. Kichwa cha mtungi kikikataa ukiwa njiani, utanunua regulata nyingine ya kubana bila kusubiri mzigo wa Ulaya.

Dada yangu wa Kirumba, kwa hesabu tupu wazo lako lingeweza kuwasha moto, kwa kuwa regulata ya ukutani ingepata mgandamizo inaoutaka. Hofu yangu ni mpira wa chungwa, ambao ni wa presha ndogo, na siku ambayo mtu mwingine ataondoa ile ya ukutani bila kujua kilichopo mtungini. Siku hiyo presha kubwa itaingia moja kwa moja kwenye jiko, ndani ya chumba chenye mapazia na magodoro.

Mama wa Kirumba

Nimekuelewa, fundi. Jiko langu liko barazani, sikufikiria magodoro.

Baharia wa Sengerema

Nakubali kwamba mafuta hayakuwa chanzo. Hata hivyo ningeitoa regulata ile ya ukutani kwa vyovyote vile, kwa sababu kama ilikuja na gari imepita kwa mbali miaka 10 ambayo watengenezaji wengi huishauri. Utando wa mpira huzeeka hata usipotumika.

Angalia pia tundu la sakafu ya kisanduku cha mtungi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini, hivyo tundu hilo ndilo mlango wake wa kutokea inapovuja. Nimewahi kulikuta limezibwa kwa gundi na mtu aliyechoshwa na vumbi. Ukipanda kivuko cha Kamanga, funga koki ya mtungi kabla ya kuingia, na friji iendeshe kwa betri.

Mkazi wa Buhongwa

Nimerudi na matokeo. Fundi mwenye vifaa alikuja nyumbani Jumamosi, akaondoa regulata ya ukutani, akafunga kwenye bomba mdomo wenye meno wa kuvalishia mpira, na akaweka mpira mpya mfupi. Tulipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na kimoja nyuma ya friji kikatoa mapovu madogo, bila shaka kwa sababu ya makorongo ya barabara za hifadhini. Kilikazwa kwa spana mbili, tukapaka povu tena, kikatulia. Kisha tulifunga koki ya mtungi na kuacha maji kwenye ubao kwa dakika 10, hayakusogea.

Vipimo vipya: vyote vikiwa vimezimwa, sentimita 33; pleti moja, 31; pleti mbili pamoja na friji, 30.

Tundu la sakafu lilikuwa limejaa matope makavu na kiota cha nyigu. Limesafishwa na kuwekewa wavu.

Linabaki swali dogo kwa fundi: friji sasa inawaka, lakini haipoi vizuri gari likiwa limeegeshwa mteremkoni, na uani kwangu, kama wajuavyo wakazi wa Mwanza, ni mteremko na mawe.

Fundi Gesi Nyakato

Hiyo si gesi. Friji za namna hiyo hazina kompresa, yaani pampu ya kusukuma kimiminika. Kimiminika cha ndani hurudi chini kwa uzito wake chenyewe, na gari likiinama hukwama njiani. Weka mbao chini ya matairi ya upande wa bondeni hadi maji kwenye bakuli juu ya meza yakae sawa, kisha uipe friji saa kadhaa kabla ya kuihukumu.