Uchaguzi wa Sweden, Septemba 2026: asiye raia anapiga kura ipi?

Wandugu, salaam. Uchaguzi ni tarehe 13 Septemba. Mwenye kibali cha kudumu lakini hana uraia, anaruhusiwa kupiga kura?

—

Anaruhusiwa, dada, ila si ya bunge. Karatasi ya njano, ya Riksdag (bunge la Sweden), ni ya raia tu. Nyeupe ya manispaa na ya bluu ya mkoa anapiga yeyote mwenye miaka 18 aliyesajiliwa na Skatteverket (mamlaka ya kodi, ndiyo inayosajili wakazi) kama mkazi kwa miaka 3 mfululizo kabla ya siku ya kura. Raia wa EU, Norway na Iceland hawadaiwi hiyo miaka 3. Kinachohesabiwa ni usajili. Aliyeufuta akahamia nje, akirudi anaanza upya.

Msiidharau kura hiyo. Chekechea, shule na huduma za wazee ziko kwa manispaa. Hospitali na zahanati ziko kwa mkoa. Kodi ya mapato, wastani wa asilimia 32 hivi, inakwenda huko huko.

—

Nyongeza, kaka. Daftari la wapiga kura linafungwa siku 30 kabla. Ukihama mwishoni mwa Agosti, kituo chako kinabaki kule ulikotoka, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Dawa yake ni kura ya mapema: inaanza tarehe 26 Agosti, maktaba na kwingineko, popote nchini. Beba röstkort (kadi ya kupigia kura) na kitambulisho. Kadi ikipotea, manispaa inakutolea nyingine. Tarehe 13, kituoni kwako, kitambulisho kinatosha. Huna, basi mtu anayekufahamu anaweza kukuthibitisha, mradi yeye aonyeshe chake.

Kadi yenyewe imeandikwa kura unazoruhusiwa. Msiitupe na matangazo ya maduka, maana bahasha zinafanana!

—

Kwa wanaopiga mara ya kwanza: bahasha moja, karatasi moja. Ukitia karatasi za vyama viwili tofauti, kura imeharibika. Usiandike jina lako wala alama ya kujitambulisha. Kinachoruhusiwa ni alama moja ya X kwenye kisanduku cha mgombea umpendaye. Bahasha uifunge nyuma ya pazia, kisha umkabidhi msimamizi.

Ukishapiga mapema kisha ukabadili mawazo, nenda kituo chako tarehe 13 upige tena. Ile ya kwanza itawekwa kando. Kura ya mapema, ile ya maktaba, hairudiwi.