Naomba ushauri: besi inapotea kwenye simu, pedi inanywea kwenye mono

Wakuu, habari zenu. Naombeni masikio yenu kwenye biti ya sinthi-pop ya mtindo wa miaka ya 1980, ala tupu, tempo 116, kii ya A maina.

Ngoma ni sampuli za LinnDrum (mashine ya ngoma ya miaka ya 1980), snea ina riverbu (mwangwi) inayokatwa ghafla na geti baada ya milisekunde 250 hivi. Besi ni wimbi la msumeno linalorukaruka oktavu. Pedi (sauti ndefu laini za kujaza nyuma) inatoka kwenye programu inayoiga sinthesaiza ya Juno-106, koras (athari ya kuitanua sauti kushoto na kulia) imewashwa.

Kwenye hedifoni miksi imejaa vizuri sana. Kwenye spika ya simu besi haipo kabisa, na nikigeuza kuwa mono (kushoto na kulia kujumlishwa kuwa kimoja) pedi inanywea. Hili la pedi nadhani linatokana na koras: kushoto na kulia haviko kwenye awamu moja, vikijumlishwa vinafutana kwa sehemu.

Nimeshakata pedi chini ya Hz 200, kiki (ngoma nzito ya chini) nimeiachia Hz 60, besi nimeipandisha kidogo Hz 110. Kompresa ya besi inafuata kiki, inaishusha besi desibeli 3 kila kiki inapopiga, rilizi (muda wa kuiachia irudi) milisekunde 90. Matope (sauti za chini kugongana) yameisha, ila kwenye simu hakuna kilichobadilika. Masta (miksi nzima) haina limita (kizuizi cha kilele), kilele ni desibeli -6.

Je, besi niitie distoshoni nyepesi ili ipate harmoniki (masafa ya juu ya noti ileile) za Hz 700 hadi 1,000, au nirudie noti zilezile oktavu moja juu kwa sauti ndogo? Nahofia distoshoni itaua ule ulaini, na ndio roho ya muziki huu.

Na pedi: nipunguze koras, au niweke nakala kavu (isiyo na koras) katikati? Kwa kiwango gani?