Naomba ushauri: CBR600F ya 1997, kabureta na shokapu za mbele
Wakuu habari zenu. Nimenunua pikipiki, Honda CBR600F ya 1997, ilikaa miaka mingi bila kuwashwa. Injini nzima, ila kwenye sailensa (ikiunguruma bila kuvutwa resi) inamisi, na ukivuta resi kidogo inakwama kwanza ndipo ichanganye. Nahisi jeti ndogo (vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta) zimeziba kwa petroli iliyoganda. Nani hapa Dar anaweza kusafisha kabureta zote nne na kuzibalansi kwa geji za vakyumu (vipimo vya mvuto wa hewa) ili zote zivute sawa? Mafundi wengi wa bodaboda wamezoea kabureta moja.

Tairi zimeandikwa 0914, yaani zilitengenezwa wiki ya 9 ya 2014, hizo nabadilisha hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo. Kinachoniumiza kichwa ni shokapu za mbele: nikifunga breki zinazama mno. Nina kilo 92. Nianze na oili mpya, au moja kwa moja springi ngumu zaidi?