Mnaouza "samaki wa mawe" hapa Dodoma, acheni kuwapiga wazee wetu

Wakuu habari za jioni, nimekuja na hasira na sizifichi.

Kuna duka hapa mjini linauza vinyago na mawe ya urembo, jina silitaji. Baba mdogo, mwalimu mstaafu wa baiolojia, kauziwa pale mawe matatu yenye samaki, laki mbili na nusu yote, kaambiwa ni visukuku halisi (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) vimetoka Singida. Mzee alitaka akawaonyeshe watoto wa shule ya kata ya jirani waone kiumbe wa kale kwa macho yao. Yaani mtu wa namna hiyo ndo mnaona wa kumpiga?

Nimeyakagua yote matatu kwa kioo cha kukuzia. Mawili ni ya kumwaga kwenye kalibu, hayana hata mjadala. Samaki wanafanana mpaka kasoro, mkia umepinda pale pale, pezi la tumboni limekatika pale pale, usoni mwa jiwe kuna vishimo vya mapovu vidogo kama ncha ya sindano, na ukikwaruza nyuma kwa msumari unatoka unga mweupe wa plasta.

La tatu ndo limeniuma zaidi maana samaki mwenyewe ni wa kweli, ila mkia wamechora. Vijiti vya pezi halisi ukivikuza unaviona vina vipingili na kuelekea ncha vinagawanyika, hivi vya kwetu ni mistari ya brashi tu, unene mmoja mwanzo mwisho, na pale ulipopita ufa wa jiwe rangi imezama mpaka ndani ya ufa. Sasa ufa umetangulia mkia, huo mkia ni wa miaka milioni ngapi? Nikaazima kwa wakala ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, tukazima taa sebuleni, mwili ukabaki umefifia sawa na jiwe lakini mkia wote na kipande cha pezi la mgongoni vikawaka rangi nyingine kabisa. Gundi na rangi mara nyingi hujianika hivyo. Wengine hupitisha pamba yenye asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) waone kama rangi inatoka, ila jaribuni pembeni kabisa kwa sababu hata kisukuku halali huwa kinapakwa gundi ya kukiimarisha na unaweza ukakiharibu.

Na hapa nieleweke vizuri, sipingi ukarabati. Jiwe likipasuka likaunganishwa, hata makumbusho kubwa wanafanya, lakini wanasema. Wewe umechora mkia ukanyamaza na ukachukua bei ya samaki mzima, huo ni wizi.

Halafu hiyo Singida yenyewe. Visukuku vya samaki Singida vipo kweli, pale Mahenge (siyo Mahenge ya Ulanga, hii ni nyingine), palikuwa na ziwa dogo kwenye kreta (shimo la volkano) takriban miaka milioni 46 iliyopita na wamepatikana mpaka ndugu wa kale wa perege, wataalamu wamewaita Mahengechromis, jina lilitolewa mwaka 2000. Ni kati ya masalia ya zamani zaidi ya ukoo huo yanayojulikana duniani, hazina yetu hiyo jamani! Sasa mtu yeyote aliyewahi kukaanga perege wa Mtera anajua pezi lake la mgongoni ni refu na mbele lina miiba. Samaki wa baba mdogo ana kapezi kafupi katikati ya mgongo, amekaa kama dagaa wa baharini, jiwe lenyewe rangi ya maziwa. Kwa ninavyomwona huyo ni Knightia, samaki wa kale wa Wyoming, Marekani, wa miaka kama milioni 50, wanachimbwa kwa wingi sana kule na wadogo bei yake ni ya chini.

Tulirudi dukani na mzee. Jibu tulilopewa: "Mzee wangu, jiwe ni jiwe, mbona linapendeza?" Baba mdogo kanyamaza, mimi nikamuuliza muuzaji swali moja. Kama kweli yametoka Singida, kibali chako cha Idara ya Mambo ya Kale kiko wapi, maana kuna sheria tangu 1964 inayolinda masalia ya aina hii na siyo mali ya kuokota ukauze. Na kama hayajatoka Singida, kwa nini umesema yametoka? Ama umeiibia nchi ama umemtapeli mzee, chagua. Akaanza kupanga vinyago.

Kwa hiyo mwenye duka kama unapita humu, hela ya yale mawili irudi yote. Hilo la tatu mzee atabaki nalo kwa bei yake halali, na risiti uiandike upya, "samaki wa Wyoming, mkia umechorwa", kwa mkono wako mwenyewe.

Na wadau wengine mliouziwa na hao hao, wekeni picha hapa, mbele na nyuma ya jiwe.