Nabadilisha bei ya parachichi kwenye /var/www/html, tovuti inaonyesha ya zamani. Seva inachukua wapi mafaili?

Kijana_wa_Tukuyu:
Wakuu, habari za jioni. Ofisini kwetu Tukuyu tuna kompyuta ya mezani yenye Ubuntu 22.04, ndiyo seva ya tovuti ya kikundi chetu cha wakulima wa parachichi. Aliyeifunga kahamia Dodoma na simu hapokei. Kazi yangu ni ndogo tu: bei ya parachichi aina ya Hass ikibadilika naiweka kwenye tovuti, ili wakulima wa Kiwira na Masoko waione kabla hawajachuma.

Nimefuata wanavyosema wengi. Nimeingia /var/www/html, nikafungua index.html, nikabadilisha bei. Wapi! Nikafuta maneno yote ndani ya faili, tovuti ikabaki vilevile na bei ya msimu uliopita. Nikaipa folda nzima jina jingine, bado. Na nikiangalia systemctl status apache2, Apache (programu inayotoa kurasa za tovuti) iko hai, kijani kabisa. Sasa hiyo tovuti inatoka mbinguni?

Dada_Uyole:
Pole. Jaribu Ctrl+F5, au fungua kwa simu ambayo haijawahi kuingia humo. Brauza huwa zinatunza ukurasa wa zamani.

Kijana_wa_Tukuyu:
Nimetumia simu ya mlinzi, dada. Bei ileile.

Mzee_wa_Ipogolo:
Basi brauza haihusiki. Kwanza rudisha jina la hiyo folda, huenda kuna kitu kingine kinaitegemea.

Kijana, /var/www/html ni pale Ubuntu inapoanzia tu, si sheria. Ubuntu 12.04 ilikuwa inaishia /var/www, hiyo html ilikuja baadaye, ndiyo maana maelekezo ya zamani yanawapoteza watu. XAMPP ya Windows inatumia C:\xampp\htdocs, hostingi za cPanel zinatumia public_html. Na aliyefunga akiamua, anaweka popote. Usikisie, iulize seva yenyewe.

Tena usianze na Apache eti kwa sababu iko hai. Uliza nani kakaa kwenye porti 80, mlango wa http, au 443, mlango wa https:

sudo ss -tlnp | grep -E ':80|:443'

Kijana_wa_Tukuyu:
Mzee shikamoo. Imeleta mistari miwili. Wenye 0.0.0.0:80 umeandikwa nginx. Wenye *:8080 umeandikwa apache2. 443 haipo.

Mzee_wa_Ipogolo:
Marahaba. Nginx, programu nyingine ya seva kama Apache, ndiyo inayopokea wageni, wewe ulikuwa unamhoji wa chumba cha nyuma. Sasa:

sudo nginx -T | grep -E 'configuration file|server_name|root|proxy_pass'

Hiyo T iwe kubwa. Inamwaga mipangilio yote pamoja na jina la kila faili ilikotoka. Chini ya jina la tovuti yenu ukikuta proxy_pass, nginx inampasia mwingine, na kama ni kwenda 8080 utaendelea na sudo apache2ctl -S, ukasome DocumentRoot, yaani folda ya tovuti ya Apache, kwenye faili itakalokutajia. Ukikuta root, njia iliyoandikwa hapo ndiyo folda yako.

Kijana_wa_Tukuyu:
root /home/mtaalamu/tovuti/public;

Nimeingia, bei za zamani hizi hapa! Nimebadilisha, imekubali papo hapo. Ila mzee, nilikuwa nimepanga kuifuta hiyo akaunti ya mtaalamu wiki hii, si kashaondoka?

Mzee_wa_Ipogolo:
Weee! Ukiifuta pamoja na folda yake, tovuti imekwenda. Hamisha kwanza:

sudo cp -a /home/mtaalamu/tovuti/public /var/www/parachichi
sudo chown -R jina_lako:www-data /var/www/parachichi

Halafu badilisha mstari wa root kwenye faili lile lililotajwa, piga sudo nginx -t, ikikubali piga sudo systemctl reload nginx. Ukipata 403, yaani umekatazwa kuingia, jaribu kulisoma faili kwa jina la www-data, mtumiaji wa nginx: sudo -u www-data cat /var/www/parachichi/index.html. Ikikataa, ni ruhusa za mafaili. Ndiyo maana mimi siweki tovuti ndani ya /home: tangu Ubuntu 21.04, folda ya mtumiaji mpya inafungiwa wengine, na nginx ni mmoja wa hao wengine. Huyo mtaalamu lazima aliilegeza kwa mkono.

Kijana_wa_Tukuyu:
Imehama, inafungua. Akaunti naiacha kwanza mpaka nikague kama hakuna kingine humo.

Dada_Uyole:
Mzee, na mimi nidandie. Nina WordPress, nimepekua public_html yote, makala zangu sizioni.

Mzee_wa_Ipogolo:
Huwezi kuziona, ziko kwenye databesi. Jina lake limo ndani ya wp-config.php. Picha ndizo faili za kawaida, ziko wp-content/uploads.