Maziwa yananitesa, na ukweni wanapika chai ya maziwa matupu. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, nimeoa Umasaini, na kule ukifika tu unapewa kikombe cha chai ya maziwa, maji ni kama hayamo. Sasa mimi nikinywa hata saa haipiti tumbo linajaa gesi, linanguruma kama bodaboda mbovu, halafu ni mbio chooni. Miezi mitatu nimemeza dawa za vidonda vya tumbo bure kabisa, kumbe daktari anasema mwili wangu hautoi kimeng'enya cha kutosha kusaga laktosi, ile sukari ya kwenye maziwa, na wala sio aleji.

Cha ajabu mtindi kikombe kidogo na ugali napeta tu, eti bakteria wameshakula sehemu ya hiyo sukari. Kalsiamu naitafuta kwenye dagaa na sukuma wiki.

Wenye hali hii chai mnanywa na nini, tui la nazi linakubali au linakatika? Na biskuti na mikate mnachaguaje? Halafu mama mkwe nimwambieje jamani, juzi kanijazia kikombe cha pili huku ananiangalia usoni, nikamaliza chote.